Mwendo wa Dada

Hakuna picha hata moja inayomwonyesha dada yangu akiwa amesimama. Nimezipekua zote. Kwenye harusi ya binamu yetu ameketi. Siku niliyomaliza kidato cha nne ameketi, nami nimesimama nyuma yake kama mlinzi. Kila mpiga picha alipoinua kamera, mama alikuwa ameshavuta kiti. "Keti, mwanangu, keti kidogo."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Watoto wa mtaa walimwita Moja-na-Nusu, kwa jinsi hatua zake zilivyosikika kwenye ujia wa nyumba yetu: moja, na nusu, moja, na nusu. Yeye aliwajibu bila kupunguza mwendo, "Na nyinyi hizo mbili nzima zimewafikisha wapi?"

Alipofariki, picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa ya kwenye kiti. Hapo ndipo woga uliponiingia. Sauti yake ninayo kwenye simu. Mwendo wake haupo popote ila kichwani mwangu, na kichwa changu nakijua, husahau.

Basi nikajiandikisha darasa la kuchora katuni zinazotembea, la kila Jumamosi, mimi mtu mzima ninayeuza miwani dukani, nikaketi kati ya vijana wanaotaka kuchora majoka yanayotema moto.

Mwalimu tulimwita Tena, kwa sababu umwonyeshe kazi nzuri au mbaya, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Alianza na mpira. Ukigonga sakafu unabonyea, ukiruka unarefuka, ila ukubwa wake haubadiliki. Kisha uzito: mtu asiyeelemea ardhi, alisema, ni karatasi inayopeperushwa. Kisha kujiandaa: anayetaka kuruka juu huchuchumaa kwanza. Kisha vinavyochelewa: mwili umeshasimama, sketi bado iko njiani. Mwisho akatufundisha kutia chumvi.

"Mwizi anyate kuliko wezi wote! Mlevi ayumbe mpaka ukuta umkwepe! Tieni chumvi, msiogope presha!"

Vijana walicheka. Mimi nilikuwa namwona dada. Kabla ya kukanyaga kwa mguu mfupi aliinua kidevu kidogo. Huko ndiko kujiandaa kwake. Mkono wa kulia ulitoka nje, kama anayemsukuma mtu asimzibie njia. Sketi ilifika nyuma yake, imechelewa.

Nilimchora kwenye karatasi nyepesi juu ya kioo chenye taa chini yake, nikizipindua harakaharaka kwa vidole nione kama anatembea. Alitembea, lakini hakuwa yeye. Alikuwa mgonjwa fulani wa kuhurumiwa. Nikachana, nikachora, nikachana. Siku moja, nikishuka ngazi za dukani, nikajua kosa langu. Nilikuwa namchora akianguka kila hatua. Dada hakuwa anaanguka. Alikuwa anashuka, kwa makusudi, kisha anapanda. Nikaurudia uzito wote upya, na alipotokea, nililazimika kuizima ile taa kwanza nipumue.

Nilimpelekea Tena. Aliutazama mwendo mara kadhaa.

"Hapa chumvi imezidi."

"Sijatia hata punje, mwalimu."

"Hatua zilingane, kulia na kushoto. Hivi watu watadhani umekosea. Wazazi watakuja kwenye onyesho la mwisho wa darasa, watacheka."

"Wacheke."

"Mnyooshe kidogo tu. Hii nusu ifanye nzima, basi."

"Akiwa hai hakunyooka. Nije nimnyooshe leo kwenye karatasi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ukichekwa usije kunililia hapa."

"Siji."

Kilichobaki kuniogopesha ni mama. Nilipomwalika aliuliza swali moja tu, macho yake yakiwa kwenye pasi. "Umemchora ameketi?"

"Hapana, mama."

Aliendelea kupiga pasi kitambaa kilichokuwa kimeshanyooka zamani. Lakini alikuja.

Meza zilisukumwa pembeni, shuka jeupe likatundikwa ukutani, taa zikazimwa, na michoro yetu, iliyopigwa picha mojamoja, ikaonyeshwa hapo kutoka kwenye kompyuta. Majoka yakapita, watu wakapiga makofi. Kisha nikabonyeza kitufe, dada akatokea upande wa mlangoni. Sikumwekea sauti, lakini mimi niliisikia: moja, na nusu.

"Oya, huyo betri imeisha!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikazunguka chumba kizima.

Nilimtazama mama. Alikuwa mwisho wa safu, miguu ameinyoosha. Nikamwona anaivuta, taratibu, vile alivyozoea kuivuta pale nyumbani dada alipokuja na ndoo kwenye ujia mwembamba. Kisha akageuka.

"Wewe kijana. Unacheka nini? Kunja miguu yako, mpishe mwanangu."

"Samahani, mama," alisema yule kijana, na kweli akaikunja.

Hakuna aliyecheka tena. Dada alivuka shuka lote, kidevu juu, akatokomea upande wa pili. Tena alikuwa ukutani, kidole kwenye swichi, lakini hakuwasha taa.

"Tena," alisema.

Nikabonyeza, dada akatokea upya mlangoni. Mama akasogeza na mkoba wake, dada apate njia.