Mkono Uliorudishwa Mstarini

Kabla ugonjwa haujamfunga ulimi, Monji alikuwa mwalimu wa fizikia ambaye, kwa maneno ya wenzake wenye wivu, alichekesha darasa kuliko alivyolifundisha. Mkewe Raudha alifundisha chuo cha uhandisi mjini Sfax, somo la kuongoza mitambo. Nyumbani kwao, Barabara ya Gremda, kilomita ya nne, kazi ya kuchekesha ilikuwa ya mume na kazi ya kununa ilikuwa ya mke, na ndoa ilikwenda vizuri tu.

Kila chakula cha jioni kilipokwisha, Monji alinyoosha mkono juu ya meza, akamvua mkewe miwani na kuifuta kwa pindo la shati lake. Raudha alikuwa mtu wa kuchomelea nyaya, kwa hiyo miwani yake haikukosa moshi, mafuta na alama za vidole.

"Bibi wewe, kwa miwani hii ulinichaguaje?" Monji alikuwa akimwambia. "Kuna mwanamume mzuri mahali fulani bado anakungoja."

Kisha akamvika mwenyewe, sikio moja, halafu la pili, taratibu. Raudha akajifanya amekasirika. Tangu aolewe hakuwahi kuifuta miwani hiyo kwa mkono wake, na hakujua kwamba hakuwahi.

Ugonjwa ulianza kwa chaki. Ilimdondoka Monji darasani, wanafunzi wakacheka, naye akacheka nao. Ilipodondoka tena na tena hakuna aliyecheka. Madaktari waliupa ugonjwa jina refu lenye maana fupi: misuli itakufa mmoja baada ya mwingine, na akili itabaki nzima ikitazama. Miguu ikatangulia, mkono wa kushoto ukafuata, na ulimi ukaanza kuwa mzito. Raudha alileta ubao wa herufi ili mumewe aonyeshe maneno kwa macho. Monji akaukataa, akisema kwa taabu kwamba mtu aliyezoea kuchekesha darasa zima hawezi kuanza kutania herufi kwa herufi. Wakakubaliana kufumba macho: mara moja ndiyo, mara mbili siyo.

Lakini kabla sauti haijakwisha kabisa aliomba jambo moja.

"Usinilishe kama kinda la ndege, Raudha. Mkono huu ukiweza kubeba kijiko, uache ubebe."

Raudha akaapa. Mkono wa kulia ulikuwa na nguvu kidogo tu, nazo ni za kutetemeka, lakini mwanamke huyu kazi yake ilikuwa nini kama si hiyo? Akajifungia karakana ya chuo, akatoka na mkono wa chuma wa kufungwa ubavuni mwa meza. Ulikuwa na kitako chenye mkanda, mahali pa mkono wa Monji kulala, na mota mbili za kuubeba kutoka bakulini hadi mdomoni. Kijiko kilibaki katika vidole vya Monji mwenyewe. Hilo ndilo aliloapa.

Kazi ilikuwa kuuzuia mkono huo usiyumbe. Raudha akachagua njia aliyoifundisha nusu ya maisha yake, ile wahandisi wanayoiita ya kuteleza. Unachora mstari. Mkono ukipotoka upande huu, mota zinausukuma upande ule, ukipitiliza, zinaurudisha, na zinafanya hivyo upesi mno hata mkono unaonekana kuteleza juu ya mstari wenyewe. Uzuri wake, aliwaambia wanafunzi kila mwaka, ni kwamba haiulizi msukosuko unatoka wapi. Upepo, uzito, mtetemeko, yote kwake ni mamoja. Inataka kujua tu kwamba msukosuko hautazidi kiasi fulani, halafu wewe unaipa mashine nguvu kupita kiasi hicho. Na mashine ikikazana na kitu, inavuma kama nyuki ndani ya debe.

Jioni ya kwanza Monji alikula uji wa bsisa, unga wa nafaka zilizokaangwa, hadi bakuli likawa jeupe. Dada yake mkubwa, Mabruka, aliyekaa nyumba ya pili na kumtunza mchana Raudha akiwa kazini, alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani. Raudha alilia kwa furaha, na machozi yakaongeza uchafu kwenye miwani.

Baada ya siku chache kelele zikaanza. Chakula kikifika mwisho, Raudha akimwinamia mumewe kumpangusa kidevu, mashine ilivuma. Mkono ulitikisika ndani ya kitako, ukapanda kidogo nje ya njia yake, mota zikaukamata na kuurudisha mstarini. Raudha aliuliza, "Unaumia?" Monji akafumba mara mbili. Aliuliza kama mkanda unabana. Mara mbili tena. Basi ni mishtuko ya misuli, akaamua, maana ugonjwa ule unajulikana kwa hiyo. Akafungua kompyuta, akaongeza nguvu ya mota. Jioni iliyofuata mashine ilivuma zaidi, na mkono ulirudi mstarini upesi zaidi. Monji alikuwa akikodoa macho mbele, na Raudha akadhani anatazama mpira kwenye televisheni iliyokuwa nyuma ya mgongo wake, hata akawa anasogea ili asimzibe.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Raudha aliijenga njia kwa chuma, tena njia nzuri, akasahau kuiuliza nia.

Majira ya baridi yote waliendelea hivyo, mashine ikivuma na yeye akiongeza. Mlozi ulipochanua kelele zilipungua, na joto lilipoingia zikakoma kabisa. Raudha alitamba kwa hilo chuoni kwenye kahawa. Alisema amepata kipimo barabara, mkono unateleza kimya kama maji, na wenzake wakampongeza.

Alitamba pia kwa Mabruka, walipokuwa wamekaa uani wakibangua lozi.

"Kelele gani, wifi?" Mabruka akauliza.

"Hizo za mashine. Chakula kikikaribia kwisha."

"Mimi ninakaa naye mchana tangu zeituni zilipokuwa zinavunwa, sijazisikia hata siku moja. Hilo dude lako kwangu lina adabu. Labda wewe ndiye unayeliudhi."

Raudha akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Mashine ile ile, kiti kile kile, mtu yule yule. Mchana kimya, jioni kelele. Akafikiria umeme wa jioni, akafikiria simu yake aliyoiweka mezani. Hata mishtuko ya misuli akaifikiria upya, na mishtuko haichagui nani amekaa mbele yako. Kila alipotoa sababu moja ilibaki ile ile ya mwisho, na hiyo hakutaka kuitazama. Kilichokuwepo jioni na kisichokuwepo mchana kilikuwa yeye.

Aliacha lozi chini, akaingia ndani. Monji alikuwa kitini, mkono wake umelala ndani ya kitako, bakuli la uji aliloacha halijaondolewa. Raudha akavuta kiti, akakaa mahali pake pa jioni.

"Monji. Zile kelele za baridi. Ilikuwa ni wewe?"

Akafumba macho mara moja.

"Ulikuwa unausukuma mkono makusudi?"

Mara moja.

"Ulitaka ufike wapi?"

Swali hilo halikuwa na ndiyo wala siyo. Monji akamtazama tu. Raudha akageuka kutazama nyuma yake, na televisheni ilikuwa imezimwa. Alipogeuka tena, macho ya mumewe yalikuwa pale pale, juu kidogo ya pua yake. Ndipo naye alipoona, kwa mara ya kwanza tangu chaki zilipoanza kudondoka, kwamba dunia yote mbele yake ilikuwa na ukungu na alama za vidole.

Alizima mota. Akafungua mkanda, akainama, akasogeza uso.

"Haya," akasema. "Hakuna wa kukuzuia sasa."

Bega la Monji likacheza kidogo. Jasho likamtoka kwenye paji. Mkono haukuinuka. Raudha akangoja, akangoja tena, akimsogelea zaidi kana kwamba tatizo ni umbali, na vidole vikabaki vilivyo juu ya chuma. Basi zile kelele hazikukoma kwa ufundi wake. Zilikoma kwa sababu nguvu zilikwisha, na zilikwisha zikimtafuta yeye, jioni baada ya jioni, zikipigana na mota alizozikaza kwa mkono wake. Hilo ndilo alilopongezwa kwenye kahawa.

"Nilikuwa ninakushinda," akasema. "Kila jioni ninakushinda, halafu ninafurahi."

Monji akafumba macho mara mbili. Siyo. Raudha hakujua ni siyo ya kumsamehe au ni siyo ya mzaha, ya mtu anayekataa kukubali kwamba amewahi kushindwa na mkewe, na hakukuwa na njia ya kuuliza.

Akavua miwani. Akaiweka kwenye pindo la shati la Monji, akauchukua ule mkono wa kulia kutoka kwenye chuma, akaufunika juu ya kioo, na kwa mkono wake akausogeza mbele na nyuma. Ulikuwa mzito na wa moto, na ulikwenda popote alipoupeleka. Kisha akauinua hadi usoni pake, vidole vya Monji vikiwa vimebana miwani kwa sababu vyake vilivibana, akavaa, sikio moja, halafu la pili.

Uji ulikuwa umeganda kwenye vidole vile, na miwani ilitoka chafu kuliko mwanzo. Mabruka alisimama mlangoni na bakuli la lozi, akauliza kuna nini, akamwambia wifi yake aifute basi, haoni mbele. Raudha hakuifuta. Alikaa akimtazama mumewe kupitia uchafu ule, na kwa kweli alikuwa akimwona kwa shida.