Karatasi Saba za Kalenda

Ukitaka kunichekesha niambie, "Naanza Jumatatu." Mimi nakaa mapokezi kwenye jimu, mwaka wa sita huu, na hiyo Jumatatu naijua nje ndani. Siku hiyo foleni inafika mlangoni, watu na chupa mpya za maji, viatu bado vinanukia duka. Alhamisi unaweza kulala juu ya mashine ya kukimbilia na hakuna atakayekuamsha. Mwezi wa kwanza ndiyo usiseme! Tunaongeza viti. Mwezi wa pili tunavirudisha stoo.

Kwa hiyo mtu asinifundishe tarehe mpya ni nini. Binadamu akiiona tarehe mosi anajiona na yeye kazaliwa upya. Yule aliyemaliza keki nzima jana si yeye, ni jirani fulani asiye na adabu, keshahama. Ndiyo maana anaanza kwa nguvu zote zile. Na ndiyo maana akiteleza Jumatano hainuki, anakaa palepale chini anangoja kuzaliwa tena.

Bingwa wao ni baba yangu mzazi.

Baba ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni kwetu, kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na ana kisukari mwaka wa tisa. Ukutani juu ya cherehani kuna kalenda ya kuchana, ile yenye karatasi moja kwa kila siku. Kila asubuhi anachana moja kabla hajanywa chai. Akiweka nia ya kuacha sukari, anafunua karatasi mpaka tarehe anayoitaka na kuizungushia duara kwa chaki yake ya bluu ya kuchorea vitambaa.

Na akianza, kaanza kweli. Chai bila sukari, mboga, kutembea nusu saa. Mama anasema hata kukoroma huacha. Inakwenda hivyo siku nne, tano. Halafu anakuja mteja na soda ya shukrani, Baba anasema "ya kukata kiu tu," basi, imetoka hiyo. "Mwezi huu umeshaharibika," anasema. "Tungoje mwingine." Na mpaka huo mwingine ufike, anakunywa soda mbili kwa siku kama mtu aliyepewa likizo.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, pedali ya cherehani ilimchubua kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakuhisi kitu. Ndivyo kisukari kinavyofanya, kinaua miguu mwenyewe ukiwa unatembea nayo. Mama ndiye aliyeona damu kwenye kandambili. Tukampeleka kliniki. Daktari wake ni mwanamke mtulivu, hapandishi sauti hata siku moja.

"Mzee," alisema, "sukari ishuke leo. Si wiki ijayo, leo. Ikibaki hivi kidonda hakitafunga, na mguu utaondoka."

"Nimekuelewa, daktari," akasema Baba. "Mwezi wa saba naanza. Nusu mpya ya mwaka, safi kabisa."

Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita.

Njiani nilifoka. "Baba, asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Sasa mkuu hapa nani?" akaniuliza. "Si mimi?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu mdogo ananiita Pilipili, na hasira zangu kwake ni burudani. Mimi nilitaka kulia. Mguu ule ndio unaoendesha cherehani. Bila kushona, Baba hajui hata akae wapi ndani ya nyumba yake.

Tarehe ishirini na moja homa ikampanda, kidonda kimevimba. Siku tatu alilala akichomwa sindano na nesi wa jirani, hajui asubuhi wala jioni. Tarehe ishirini na nne, Jumanne, nikasimama mbele ya kalenda nichane badala yake. Nikazichana zile za siku alizolala, na mkono ukakataa kusimama. Mwezi wa sita una siku thelathini. Ukiruka wiki moja kamili kutoka pale unatua tarehe mosi, na siku ni Jumanne vilevile. Nikachana ishirini na nne, nikaendelea mpaka thelathini. Karatasi saba.

Mama alinikuta nazo mkononi. "We mtoto, una wazimu?"

"Mama, toa betri kwenye redio. Na chaja ya simu yake uifiche."

Kisha akaenda akazitoa.

Mchana ule Baba alipoweza kukaa kitandani nikamwambia ni tarehe mosi. "Nimelala siku kumi?" aliuliza, na sauti ikamtetemeka. Sijawahi kumsikia hivyo. "Kumi," nikasema bila kupepesa macho. Akaomba chai bila sukari.

Mungu anisamehe, zile ndizo siku nilizofurahi kuliko zote mwaka ule. Sukari ilikuwa kumi na nane. Siku ya tano kipimo kikasoma tisa. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Baba aliuona mwenyewe, akawa anatuonyesha mguu kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Nikawa naenda kazini naimba, najiona mjanja kuliko daktari. Wateja wote niliwaambia fundi anaumwa, wasije mpaka niwaite.

Mmoja sikumpata. Siku ya sita akaingia mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi, hodi yake na mguu wake vikafika pamoja. "Fundi, pole sana, nasikia mtaani unaumwa. Suti yangu vipi? Mahafali ni kesho, tarehe thelathini."

"Thelathini ya mwezi gani?"

"Wa sita, fundi. Leo si ishirini na tisa?"

Baba akatazama kalenda. Halafu akanitazama mimi. Mwalimu aliona hali imechafuka, akasema atarudi jioni. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningepokea matusi kwa mikono miwili. Hakunitukana. Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Kwa hiyo mwezi wa sita haujaisha," akasema.

"Nisamehe, Baba. Lakini angalia kidonda! Siku sita umeweza. Umeweza wewe, si kalenda."

"Siku sita za mwezi ambao ulishaharibika." Akageukia mlango wa jikoni. "Mama Pilipili, soda ipo?"

Mama alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi, akanitazama nimwambie la kufanya.

Nikajipa moyo. Tarehe mosi ya kweli si keshokutwa tu? Jumanne ikafika, nikamletea chai bila sukari mwenyewe. Akaisogeza pembeni, wala si kwa hasira.

"Hiyo tarehe nilishaianza, Pilipili, nikaivunja. Haina kitu tena ndani yake."

"Baba, ile ilikuwa ya uongo!"

"Mimi niliianza kwa kweli." Akatia sukari kijiko cha kwanza, cha pili, akakoroga. "Mwezi wa nane, Mungu akipenda."

Nilibembeleza. Nilifoka. Nilimwaga soda kwenye karo, akaagiza nyingine kwa mteja. Mama alimnyima mchana, akampa jioni huku analia. Nilimpigia daktari, naye akaongea na Baba kwenye simu kwa upole wote, na Baba akaitikia, "Ndiyo, daktari, tarehe mosi." Mtu mzima huwezi kumfunga mdomo ndani ya nyumba yake. Nilikuwa namwona anakwenda, hatua kwa hatua, na tarehe pekee aliyokuwa anaiamini nilikuwa nimeitumia mimi.

Wiki ya pili kidonda kikafunguka tena. Ya nne kidole kikawa cheusi. Tarehe thelathini ya mwezi wa saba tukawa hospitali, daktari akafungua bandeji, akaifunga haraka kuliko alivyoifungua.

"Mzee, hatuwezi kuuacha. Tutakata chini ya goti. Kesho tunakuandaa, keshokutwa unaingia chumba cha upasuaji."

Baba akahesabu kwa vidole juu ya shuka. Naapa, uso wake ulichanua.

"Keshokutwa ni tarehe mosi," akasema. "Umesikia, Pilipili? Hii sasa siivunji. Soda basi, sukari basi." Daktari akainama kwenye faili lake. Baba akanishika mkono. "Na wewe kalenda yangu usiiguse. Nikirudi nitachana mwenyewe."

"Sitaigusa, Baba."

Nilirudi nyumbani kumchukulia nguo. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Kalenda sikuichana, nilifunua tu karatasi mbili kwa kidole. Duara la bluu lilikuwepo tayari, kalichora siku nyingi.

Zile karatasi saba nilikuwa nimezificha kwenye droo ya vifungo, nilishindwa kuzitupa. Nikazipanga juu ya meza yake moja moja, ishirini na nne mpaka thelathini. Siku saba ambazo hakuna aliyezitaka. Angechukua hata moja tu, hata ile Alhamisi. Alhamisi ya kawaida, haina duara wala nini.

Mama alikuwa chumbani anapanga begi la hospitali. "Mwanangu," akaita, "viatu niweke vyote viwili?"

Nikakaa kwenye kiti cha fundi. Akaita tena.