Tone la Saa Kumi na Mbili

Mume wangu ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Bwana Sekunde. Jicho lake la kushoto lilikufa kimyakimya, bila kuuma wala kuwasha. Hakujua mpaka siku mteja alipokaa upande ule nusu saa nzima akingoja salamu. Zahanati ya jirani haina kifaa cha kupima, wakampa dawa ya mzio. Tulipofika hospitali kubwa, daktari akasema ni presha ya macho: la kushoto limekwisha, na la kulia limeanza kuliwa kutoka pembeni. Katikati bado linaona. Skrubu ndogo kuliko yai la chawa anaiona. Mlango wa chumbani hauoni.

Wakamwingiza kwenye utafiti. Msimamizi wake alikuwa msichana mmoja mpole mwenye makaratasi mengi kuliko maneno. Nilimwita Binti Fomu, naye akaitika. Akatupa chupa ya matone yenye kifuniko cha ajabu: ndani yake mna kidude kinachoweka kumbukumbu ya siku na saa chupa ilipofunguliwa. Kila mwezi anakichomeka kwenye kompyuta, nacho kinamsemea mgonjwa. Laiti ningekipata ujanani, nikamfunika nacho mwanamume.

Kwa habari ya saa, Bwana Sekunde humwambii kitu. Saa kumi na mbili kamili jioni anainuka, anasimama mbele ya ukuta wa chumbani, ananipa mgongo, anafungua. Nikitaka kumsaidia, jibu ni lile lile.

"Mikono hii inapachika springi nyembamba kama unywele, itashindwa na jicho langu mwenyewe?"

"Kinyozi hajinyoi, mume wangu."

"Mimi si kinyozi."

Basi. Miaka arobaini na moja nimejua kwamba kubishana naye ni kutwanga maji. Lakini nguo zake nafua mimi. Kila jioni kola ya shati ilikuwa mbichi upande wa kulia, naye akisema ni jasho. Jasho la upande mmoja!

Miezi mitatu ikapita. Binti Fomu akachapisha mchoro wa kile kifuniko: mstari umenyooka kama rula, siku tisini kwa tisini. Akaubandika ukutani pale wanapongojea wagonjwa, ili wavivu waone haya. Hakuandika jina la mtu, lakini Bwana Sekunde aliacha mabenchi yote, akawa anasimama chini yake.

Siku hiyo hiyo daktari akampima. Presha ishirini na nane, palepale ilipokuwa siku ya kwanza.

"Mzee wangu, dawa umeitumia kuliko wote, nayo imekataa," akasema. "Itabidi tupasue. Jumatatu."

"Na likiharibika?" nikauliza.

"Mara nyingi haliharibiki, mama."

"Na hiyo mara moja moja?"

Akavua miwani, akaifuta. "Ndiyo maana nasema mapema. Hana jingine."

Mume wangu akakubali kwa kichwa. Methali ya mficha maradhi anaijua vizuri, sema anadhani ilitungiwa wake za watu. Alikuwa radhi apasuliwe jicho moja alilobakiwa nalo kuliko kushuka kwenye ule ukuta.

Ningemsema palepale, angekana, na kifuniko kingemtolea ushahidi. Mimi shahidi wangu ni kola. Nikamgeukia Binti Fomu mlangoni.

"Mjukuu wangu, wenzetu pale nje hata hawajui dawa inawekwaje. Kwa nini mwalimu wao asiwaoneshe?"

"Wazo zuri, bibi!"

"Leo nimechoka," mume wangu akasema.

"Kwa tone moja? Basi nimwite kinyozi."

Akatoka mwenyewe. Wagonjwa kama ishirini walikuwa kwenye mabenchi. Akainua uso, akainua chupa. Tone la kwanza likatua shavuni. La pili likazama kwenye masharubu.

"Hapo ni mdomo, mzee!" akapaza sauti muuza mkaa, mama mmoja mnene.

"Mwache, anamwagilia yaote!" mwenzake akadakia.

La tatu likaenda kwenye kola, upande ule ule. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitazama dari.

"Siioni inapokuja," akasema polepole. Alimwambia Binti Fomu, si mimi. "Ncha ikikaribia, inanipotea."

Binti Fomu hakucheka. Akamletea muuza mkaa chupa nyingine. "Hebu na wewe, mama." Shavuni. Aliyefuata, puani. Walijaribu watu kumi, na waliopata jicho ni wanne tu. Daktari alisimama mlangoni akihesabu kwa vidole. Miezi mitatu kifuniko hakikusema uongo hata mara moja. Hakuna aliyekiuliza tone limetua wapi.

Jumatatu ikasogezwa wiki sita mbele. Kila jioni namlaza chali, navuta kope ya chini, nadondosha.

"Usipepese."

"Utanitoboa!"

"Sijakugusa bado, mwanamume wewe."

Wiki sita zikatimia. Presha kumi na sita. Daktari hakuamini, akapima tena, ikawa ile ile. Akasema kisu kikae kwanza. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, lakini kilichobaki tunaweza kukilinda. Tuje kila miezi mitatu, na tone lisikosekane.

Binti Fomu alikuwa ameinamia makaratasi yake, kalamu mdomoni. Hakujua aandike nini kwa ile miezi ya mwanzo: alitumia dawa, au hakutumia?

"Andika mgonjwa alifungua chupa," Bwana Sekunde akamwambia.

Akafikiri kidogo.

"Kwa wakati."