Mwandiko Wake Kwenye Faili

Wanafunzi walimbandika jina la Bureti, kwa sababu hakuna aliyepita mikononi mwake bila kuinamishwa mbele ya kile kibomba cha kioo chenye mistari, jicho sawa na kimiminika, mpaka asome namba bila kubahatisha. Alikuwa mhadhiri wa kemia, mwaka wa kumi na mbili sasa katika chuo kile kile. Jina alilipenda, ingawa mbele yao alijifanya halijui.

Mambo yalianza siku ya uhakiki wa watumishi. Kila mtu alitakiwa afike ukumbini na vyeti vyake, kitambulisho na hati ya mshahara wa mwezi uliopita, akae kwenye benchi na kungoja zamu. Bureti aliketi na Mrefu, mhadhiri wa fizikia, mtu wa kuinamisha kichwa kwenye kila mlango. Walikuwa wameajiriwa siku moja kwa shahada zinazolingana, na miaka yote hiyo waliitana pacha. Simu ya Mrefu ikalia.

"Pacha, nishikie," akasema, akamkabidhi karatasi zake na kutoka nje.

Karatasi ya juu ilikuwa hati ya mshahara. Bureti hakuchungulia, namba ilimrukia machoni tu. Akaitazama ya kwake, akarudi kwenye ile, akaitazama tena ya kwake. Mrefu alikuwa anamzidi kwa karibu theluthi nzima.

Mrefu aliporudi, Bureti hakuzunguka mbuyu. "Pacha, una cheo ambacho sikijui?"

Mrefu aliangalia karatasi, kisha akamwangalia yeye, uso ukamshuka. "Haki ya Mungu, nilidhani tuko sawa."

"Ulianzaje?"

"Siku ya usaili waliniuliza nataka kiasi gani. Nikataja. Wakapunguza kidogo, tukamalizana. Wewe hawakukuuliza?"

Walimuuliza. Lakini kwanza walimuuliza mtoto atabaki na nani. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, aliyekuwa nje ya jengo mikononi mwa dada yake, na maziwa yalikuwa yameanza kulowesha blauzi. Swali la mshahara lilipofika, alichotaka ni kutoka tu mle chumbani. "Nitashukuru kwa mtakachonipa," alisema. Nao wakampa.

"Mkeo si alikuwa amejifungua mwezi ule ule?" akamuuliza Mrefu.

"Ndiyo." Mrefu alikohoa. "Mimi walinipa hongera."

Jioni, wakati wanamenya viazi jikoni, alimsimulia mumewe. Mume alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, lakini siku hiyo hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Mimi nikifungua jokofu la mtu, siulizi ananionaje. Nataja bei."

"Na wakikataa?"

"Nafunga begi. Nikifika mlangoni, wananiita."

"Wewe wanakuita kwa sababu nyama yao inaoza," Bureti alisema. "Mimi nikifunga begi, watatangaza nafasi."

Mume alifikiri, akakuna kidevu. "Basi nenda kawaulize tu. Kuuliza hakuna kesi."

Kesho yake alibisha hodi kwa ofisa utumishi. Hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha, akamvutia kiti, akafungua kabati la chuma na kutoa mafaili mawili.

"Wewe ulianzia ngazi ya kwanza, dada yangu. Mwenzako ngazi ya nne, kwa sababu ya uzoefu. Alikuwa amefundisha sekondari miaka miwili."

"Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu kwenye maabara ya maji. Nilikuwa mkemia. Hapa mliniajiri nifundishe kemia."

"Ule haukuwa uzoefu wa kufundisha."

"Na kufundisha watoto wa sekondari ndiyo fizikia ya chuo?"

Ofisa alitabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu. "Dada, hili si jambo la leo wala la mtu mmoja. Wewe mwenyewe umekaa kwenye kamati ya ajira. Unajua tunavyokwenda." Akavuta faili jingine, jembamba, akaligeuza upande wake.

Lilikuwa la Miwani, mhadhiri kijana wa bayolojia aliyeajiriwa mwaka uliotangulia pamoja na kijana mmoja wa kompyuta. Kijana wa kompyuta, ngazi ya tatu. Miwani, ngazi ya kwanza. Na chini yake, kwenye nafasi ya maoni ya kamati: *Mume wake ana kazi hapa mjini, hakuna wasiwasi wa kuondoka.*

Herufi zile za kulala Bureti hakuhitaji kuambiwa ni za nani. Yeye ndiye aliyekuwa katibu.

Akaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa mchana wa joto, ana rundo la mitihani linalomngoja, na mwenyekiti alisema maneno yale kama mtu anayesoma hali ya hewa. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Naye akaandika, akatia sahihi, akawahi mitihani yake.

Alitoka mle ofisini. Alikuwa ameingia ana dai, anatoka ana deni. Siku mbili nzima alijisemea kwamba alikuwa mwandishi tu, kwamba uamuzi ni wa kamati, kwamba binti yule ana mume na hali yake si mbaya. Kila alipofika hapo kwenye mume, hoja ilimwishia, kwa maana hata yeye alikuwa na wake, na hakuna siku mume huyo alipomsahihishia mtihani hata mmoja.

Siku ya tatu akapiga moyo konde. Alimkuta Miwani peke yake kwenye chumba cha maandalizi, anabandika lebo kwenye vioo vya hadubini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nina jambo, na si zuri." Akamweleza lote: ngazi, kijana wa kompyuta, ile sentensi, na mkono ulioiandika. Hakujitetea.

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti la maabara. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Unajua nilivyotoka kwenye usaili ule nilifanya nini?" alisema mwishowe. "Nilimpigia mama simu. Nikamwambia, kulikuwa na mwanamke kwenye kamati, mama, kwa hiyo sitaonewa."

Akavaa miwani, akachukua lebo nyingine.

"Ningeomba uniache, Mwalimu. Wanafunzi wanaingia sasa hivi."

Wiki hiyo hiyo Bureti aliandika barua kwa mkuu wa chuo. Aliweka habari za Miwani kwanza, zake zikafuata, na aya moja akakiri alichokiandika mwenyewe. Mrefu alipoisikia, alikuja na nakala ya hati yake ya mshahara. "Ambatanisha. Wakiniuliza, niliitoa kwa hiari yangu." Kuna waliomnunia kwa hilo, mhadhiri mmoja wa hesabu alimwambia anawaharibia wanaume wenzake. Mrefu akamjibu kwamba yeye aliajiriwa kufundisha fizikia, si kulinda siri.

Majibu yalichukua muhula mzima. Miwani alipandishwa ngazi ya tatu mara moja, kwani kosa lilikuwa bichi na maandishi yalikuwa wazi mno. Bureti alipandishwa ngazi mbili badala ya tatu, na pesa alizopunjwa miaka yote kumi na miwili, barua ilisema, zisingelipwa. Alitia sahihi ya kupokea, kisha akaongeza kwa kalamu: *Nimepokea. Sijaridhika.* Akakata rufaa. Ofisa utumishi alisoma maneno hayo mbele yake, akashusha pumzi, akayapiga muhuri.

Miwani hakumsamehe, au kama alimsamehe hakusema. Alimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote, kisha akapita. Bureti aliona kwamba anastahili, akavumilia. Mpaka siku moja Miwani alisimama mlangoni pa maabara ya kemia, barua mkononi. Chuo kingine, mbali, kilikuwa kimemwita.

"Mume wangu anasema atanifuata," alisema. "Ungekuwa mimi, ungekwenda?"

Bureti alimtazama. Akiondoka Miwani, idara nzima ya sayansi ingebaki na mwanamke mmoja. Vipindi vya bayolojia vingeangukia waliobaki, Bureti akiwa wa kwanza. Maneno ya kumbakiza yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, ya kidada.

"Nenda," akasema.

Mwisho wa muhula Miwani akaondoka. Darasa lake la Alhamisi likaangukia kwa Bureti kweli. Siku ya kwanza alifungua kabati la bayolojia akakuta kila kioo mahali pake, na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango: rangi ya kutia chembe inakaribia kwisha, hadubini ya nne ina kioo legevu, wanafunzi wa meza ya dirishani wana haraka, wasimamiwe. Hapakuwa na neno la kwaheri.

Bureti aliisoma mara mbili. Kisha akaita watu wa meza ya dirishani waje mbele, akaanza kufundisha.