Mkoloni wa Mabawe

Hakuna mwanamume wa Mabawe aliyekubali kuwa mkoloni. Mwalimu Gaudence, aliyetunga igizo la Sikukuu ya Uhuru, alizunguka nyumba kwa nyumba akibembeleza, na kila alikopita alipewa ndizi ya kuchoma na udhuru. Aliyeigiza mwaka uliotangulia bado aliitwa Gavana hata kanisani, na mkewe alishachoka.

"Nipe mimi," akasema Agripina.

Agripina alikuwa mjane, mpika pombe ya ndizi, mwenye sauti ya kuita mbuzi aliye ng'ambo ya bonde. Mwalimu alimtazama juu hadi chini.

"Mama, mkoloni alikuwa mwanamume."

"Na alikuwa mweupe pia. Hapo utafanyaje?"

Mwalimu akaandika jina lake.

Desemba ile ya 1993 kijiji kilikuwa kimefurika. Warundi waliokimbia mauaji kwao na kuvuka mpaka tangu Oktoba walijaa majumbani mwa watu, na kwa Agripina aliishi Niragira na wanawe. Kihangaza, lugha ya Mabawe, na Kirundi ni ndugu wa damu, hivyo hawakukosa cha kusemezana. Shida ilikuwa maji. Chemchemi ilikuwa moja tu, tena imebomoka, na kila asubuhi wenyeji na wageni waligombana pale hadi kurushiana ndoo. Agripina alimfuata mwenyekiti wa kijiji, Bwana Privatus, mpaka miguu ikaota sugu. Jibu halikubadilika: "Tutalitazama."

Sikukuu ikafika. Mgeni rasmi kutoka wilayani akaketi, kwaya ikaimba, kisha akaingia mkoloni: koti la kaki la mtumba, nusu kibuyu kichwani, masharubu ya masizi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkoloni akajibwaga kitini, chini ya bendera ya Mwingereza ambayo Niragira aliishona kwa vitenge vikuukuu.

Privatus, aliyejipa mwenyewe nafasi ya mpigania uhuru, akaja kifua mbele. "Mkoloni! Wakati wako umekwisha. Turudishie nchi yetu!"

Hapo Agripina alitakiwa ainame, ashushe bendera, aende zake. Hakuinuka. Wala hakuwa amepanga. Ila alimwona Privatus amesimama mbele yake, mbele ya umati, hana pa kukimbilia, akaona ni dhambi kuiacha nafasi kama ile ipite.

"Nchi nitawapa," akasema. "Na chemchemi je?"

"Chemchemi gani?" Privatus akanong'ona. "Mama Agripina, hilo halimo!"

"Mama Agripina simjui. Mimi ni Serikali ya Malkia. Mtajitawalaje na maji mnayokunywa ni tope? Sitoki hapa mpaka niambiwe mnachimba lini."

"Mkoloni abaki!" wanawake wakapiga kelele kutoka nyuma, na vigelegele juu.

Mgeni rasmi akamwinamia mwalimu. "Hii nayo imo kwenye igizo?"

"Imo, mheshimiwa," mwalimu akadanganya, jasho likimtiririka. "Ndiyo sehemu ngumu."

Ndipo Niragira akasimama. Agripina akahofia: mgeni wa watu, ataambiwaje?

"Gavana," Niragira akasema taratibu, "mikono tunayo. Majembe tuliyaacha kwetu. Tuazimeni, tutachimba pamoja nanyi."

Vichwa vikamgeukia. Kisha Tecla, mwenyeji aliyekwaruzana na Niragira chemchemini juzi, akajibu kwa sauti kavu, "La kwangu lipo. Lina mpini mpya."

"Jumatatu!" Privatus akaropoka. "Tunachimba Jumatatu!"

"Asubuhi?"

"Asubuhi!"

Mkoloni akainuka kwa madaha. Bendera ikanasa kwenye kamba. Akaivuta kwa nguvu ikachanika, na uwanja ukalipuka kwa shangwe kama Uhuru umeingia siku ile. Mgeni rasmi, katika hotuba yake, alimsifu sana mwenyekiti kwa ubunifu.

"Ubunifu wake!" Agripina alifoka njiani kurudi nyumbani. Niragira alicheka hadi akakaa chini ukingoni mwa njia, akijifuta machozi. Agripina hakuwa amewahi kumsikia akicheka. Akaendelea kufoka kwa makusudi.

Jumatatu watu walifika wengi kuliko majembe. Privatus alikuja na viatu vilivyong'arishwa, akidhani atasimamia tu. Tecla akamkabidhi sururu bila hata kumwamkia, na Niragira akamwonyesha pa kuanzia: kule kwenye tope zito kabisa.