Mbuzi wa Barua

Naibu wa chifu, Mbaluka, aliisoma karatasi ya maabara kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake. Kasiva na binti yake, Katunge, walisimama. Juu ya kiti cha wageni ilikuwa imewekwa kofia ya serikali.

"Mama Katunge, hapa wameandika mafuta kwenye damu. Wewe mafuta umeyatoa wapi?"

Karani akacheka.

Kasiva alijaribu kueleza kama alivyoelezwa na daktari: kwamba si chakula, kwamba msichana alizaliwa hivyo, ini lake haliwezi kuyaondoa mafuta kwenye damu. Aliuvuta mkono wa Katunge akaonyesha vinundu vya manjano kwenye kiwiko. Mumewe, Nyamai, alikuwa navyo vilevile, hadi visiginoni. Alianguka akafa akichimba matuta ya shamba, akiwa na miaka thelathini na mitatu, na ukoo wake ukasema amelogwa. Sasa Katunge alikuwa na miaka kumi na saba, na kifua kilikuwa kimeanza kumbana akipanda mlima. Daktari alisema amerithi kwa wote wawili, baba na mama. Hilo la kurithi kwa mama, Kasiva hakulitaja.

Dawa ilikuwepo hospitali kubwa, ya kumeza kila siku maisha yote. Bure walipewa tu wenye barua ya chifu kwamba ni maskini.

"Huo ni ugonjwa wa sisi wa nyama choma," Mbaluka alisema, akijipapasa tumbo. "Wazee watatu waje waone boma lako, halafu waniambie. Nitasaini."

Wazee hawaitwi bomani kwa mtu wakakaa na mate matupu. Kasiva alikuwa na mbuzi mmoja, jike, mwenye mimba.

"Mwaitu, mama yangu, si uwape chai tu," Katunge alimwambia.

Lakini Kasiva alimjua mjane mmoja aliyewapa chai, na wazee wakasahau kufika kwa chifu. Basi mbuzi akachinjwa, na aliyeshika kisu alikuwa Nzomo, mzee wa kijiji, mmoja wa wale watatu. Walikula vizuri. Waliliona paa linalovuja, wakatikisa vichwa, wakaomba sala ndefu. Katunge aliwanawisha mikono. Nyama hakuionja, daktari alikuwa amemkataza.

Jumatatu, Kasiva na Katunge wakiwapo, Nzomo alisema kweli yote mbele ya Mbaluka: mjane, paa, mtoto mgonjwa. Mbaluka alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza huko walikula nini. Nzomo alikuwa mzee wa kanisa pia. Alikohoa, akasema mbuzi.

Mbaluka akafunga kalamu.

"Maskini hachinji mbuzi, mama," alisema kwa upole. "Nikisaini hii, wenye shida ya kweli nitawaambia nini?"

Kasiva alimtazama Nzomo. Nzomo alikuwa akitazama viatu vyake.

Njia ya kurudi nyumbani Kilungu ni ya kupanda tu. Kila baada ya hatua kumi Katunge alisimama, mkono kifuani, akijifanya anatazama bonde. Kasiva alisimama nyuma yake, akaifungua leso kiunoni akaifunga upya, akaifungua tena, akaifunga, akisubiri pumzi ya mwanawe irudi. Hawakuwa wamefika hata nusu.