Karatasi ya Alhamisi

"Alhamisi," injinia akasoma, kidole chake kikishuka taratibu kwenye karatasi, "watu mia moja ishirini na tisa."

Ukumbi ukaguna. Ulikuwa ukumbi wa shule, na watu wazima tuliwakalisha kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika videvuni. Ukutani walikuwa wamebandika mchoro wa barabara kuu, mrefu kama shuka mbili zilizoungwa. Katikati yake njia mpya ya mabasi ya mwendo kasi ilipita nyekundu, imenyooka kama mstari wa chaki ya fundi. Juu ya ule wekundu palikuwa na vidoti vyeupe kumi na vinne. Hivyo ndivyo vituo. Vya zamani vilikuwa ishirini na vitatu.

Mwanamke aliyekuwa amesimama akibishana na injinia alikuwa dada yangu.

"Mwanangu," alimwambia, maana injinia alikuwa kijana, "hesabu hiyo si ya Alhamisi. Alhamisi ni kliniki ya sukari na presha, pale nyuma ya tangi la maji. Njoo pale kituo cha Tangini saa mbili asubuhi ujionee. Watu wanashuka kama kumbikumbi."

"Mia ishirini na tisa?" mzee mmoja mwenye mkongojo akadakia kutoka nyuma. "Mimi peke yangu na maradhi yangu tunafika nusu ya hiyo!"

Watu wakaangua kicheko. Hata injinia alicheka. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikilala chali nayasikia.

"Mama, mimi sikuwepo. Lakini aliyehesabu yupo. Yule pale."

Akaninyooshea kalamu mimi.

Nilikuwa nimesimama ukutani na kizibao changu cha kung'aa, kazi yangu siku hiyo ikiwa kuwaonyesha watu pa kukaa. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja na mali yangu yote iliingia kwenye begi moja. Shule niliisoma vipande vipande, mwaka huku, miezi mitatu kule, kwa kuwa baba alihamahama na kambi za barabara. Alipokufa nikaendelea kuhama mwenyewe. Nimepakia magogo, nimelinda maghala, nimewapikia wachimba visima. Dada aliniita Kiguu-na-njia tangu ndevu hazijaniota, na kila niliporudi kwake aliniuliza kabla sijatua begi, "Safari hii mpaka lini?"

Yeye alikaa. Alikuwa na chumba na sebule, na cherehani ya kukanyaga, na sare za nusu ya watoto wa mtaa zilipita chini ya sindano yake. "Mtaji wangu ni miguu hii miwili," alikuwa akisema, huku akikanyaga. "Wengine wana duka, mimi nina nyayo."

Kazi ya kuhesabu alinitafutia yeye. Alimshonea msimamizi wa wahesabu sketi mbili, na wakati wa kumpima kiuno akamwingizia neno langu. Kazi yenyewe hata mtoto angeiweza. Unakaa kituoni na ubao wako wenye kibanio, na kila anayepanda au kushuka unamchorea kijiti. Vijiti vinne vinasimama, cha tano unakilaza juu yao, unaanza fungu jingine. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Wahesabu waliofanya vizuri waliahidiwa kazi ya kudumu kwenye vituo vipya, yenye sare na pensheni. Dada aliposikia pensheni aliacha kukanyaga. Akaniangalia, akasema, "Hata wewe utazeeka sehemu moja."

Msimamizi alituambia sheria moja tu. "Usiandike usichokiona. Kituo kikipata wastani wa watu mia na hamsini kwa siku, kitabaki. Kikipungua, tunakiunganisha na jirani yake. Basi la kasi haliwezi kusimama kila hatua kama mtu anayesalimia mtaa mzima."

Mimi nilipangwa Tangini. Jumanne nilipata mia moja thelathini na mmoja. Jumatano mia moja ishirini na sita. Nilihesabu kwa haki kabisa, hata bibi aliyepanda akashuka akapanda tena kwa kusahau kikapu, nilimchorea vijiti vyake vyote.

Jumatano jioni, nikifunga ubao wangu, lori likasimama mbele yangu. Dereva wake tuliwahi kufanya kazi pamoja. Alikuwa anapeleka saruji mji wa mbali, ambako walikuwa wamemaliza daraja jipya linaloning'inia kwa kamba za chuma.

"Hulijui hilo daraja!" aliniambia. "Wewe? Bwana, unajiita msafiri! Twende sasa hivi, keshokutwa asubuhi nakurudisha."

Hapa ningependa kusema nilikuwa na shida fulani. Sikuwa na shida. Nyayo ziliniwasha, basi. Nilitaka kuona daraja.

Nilikaa kwenye ngazi ya lori, dereva akinunua mafuta, nikaijaza karatasi ya Alhamisi kabla ya Alhamisi kufika. Nilinakili ya Jumatano. Hapa nikaongeza wawili, pale nikapunguza mmoja, zisifanane kama mapacha. Kwenye saa nane mchana niliwapunguza watu zaidi, nikaandika pembeni, "Jua kali." Nilijiona fundi. Karatasi nikampa mhesabu mwenzangu wa kituo cha pili, anipelekee kwa msimamizi kesho yake jioni, nikamwambia nina dharura.

Kwamba Alhamisi ni kliniki, nilijua. Sikusahau. Dada yangu mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sukari, na Alhamisi ile ilikuwa zamu yake ya kwenda. Nilijua, nikalisogeza jambo hilo pembeni, kama mtu anavyosogeza kikombe apate pa kuweka kiwiko.

Daraja lilikuwa zuri. Sitalisingizia daraja.

Niliporudi Ijumaa nilimkuta anapiga pasi kola.

"Jana nilikuletea chai Tangini," alisema. "Nimezunguka, sikuoni. Nikaishia kuwanywesha watu baki."

"Walinihamishia kituo kingine, Dada. Tena nikalala kwa rafiki huko huko."

"Nani akahesabu pale?"

"Wakaweka mwingine."

"Basi Mungu amjalie vidole. Pale palifurika, acha kabisa. Kile kituo hawakigusi."

Ndiyo maana mwezi mmoja baadaye, kwenye mkutano, alisimama kifua mbele. Aliwakusanya wenzake wa kliniki yeye mwenyewe, mlango kwa mlango. Kutoka kituo jirani mpaka kliniki ni mita mia tisa, kando ya ukuta wa kiwanda, kokoto tupu. Kwa mtu mwenye miguu yake ni mwendo wa kumaliza nyimbo mbili au tatu. Kwa wale ilikuwa safari.

"Ni wewe uliyehesabu Tangini siku ya Alhamisi?" injinia aliniuliza. Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Msimamizi alikuwa amekaa mstari wa mbele, orodha ya ajira iko mapajani. Kutoka niliposimama niliweza kuliona jina langu, la nne kutoka juu.

"Ni mimi," nikasema.

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Dada akageuka. Ukumbini mle walikuwamo watu kama mia mbili, na katika wote hao mmoja tu ndiye aliyejua kilichosemwa. Sikuona hasira usoni pake. Afadhali ningeiona. Alinitazama kama anavyotazama nguo iliyoletwa imechanika vibaya, akitafuta pa kuanzia.

"Sema, mama!" mzee wa mkongojo akahimiza. "Usimwachie huyo, mkabe!"

Dada aliutazama mchoro ukutani. Akaitazama orodha mapajani pa msimamizi. Akanitazama tena mimi na kizibao changu.

"Basi, wenzangu," alisema. "Huyu ni mdogo wangu. Tumelelewa sufuria moja. Kama amesema alihesabu, amehesabu." Akavuta pumzi. "Labda sisi wagonjwa tunajiona wengi."

Akakaa. Watu wakacheka, wakidhani ni utani mwingine. Mzee wa mkongojo alisimama akajaribu kuendelea, lakini alikuwa ameshajulikana ni mchekeshaji, na kila alichosema walikichekea. Injinia akauliza, "Kuna mwingine?" Akangoja. Akauliza tena. Nafasi ile nilipewa mara mbili, peupe, mchana, na watu wanasikiliza. Niliiacha ikapita kama basi lililojaa. Kisha akaanza kuukunja mchoro.

Njiani kurudi nyumbani dada aliniuliza jambo moja tu: "Sare watawapa moja au mbili?"

Mabasi yalianza baada ya mwaka na nusu, na nisiseme uongo wa pili: yalikuwa mazuri. Barabara iliyokula saa mbili za watu kila asubuhi sasa ilikula dakika thelathini na tano. Akina mama walifika makazini hawajaloa jasho. Watoto wa shule walilala mpaka jua lichomoze. Pale Tangini walikata mlingoti wa kituo kwa msumeno, wakaacha kisiki cha chuma kimo cha kifundo cha mguu.

Mimi kazi niliipata, na sare mbili. Sikuchagua pa kupangwa. Waliniweka kwenye lango la kituo jirani, kile kile ambapo watu wa kliniki walilazimika kushuka. Alhamisi ya kwanza niliwaona wakitoka, mmoja mmoja, mmoja kashika ukuta, mwingine kashika mwenziwe, wakiufuata ule ukuta wa kiwanda. Mkono wangu ukaanza kuchora vijiti hewani. Sikuutuma. Kufika saa nne walikuwa mia moja na themanini, nikauingiza mkono mfukoni. Mzee wa mkongojo alipita langoni akanipigia saluti. "Mkuu wa takwimu!" alisema, bila kinyongo. Hakujua anachokisema.

Dada naye alipita. Kila alipopita aliniuliza kama nimekula.

Nilidumu miezi saba. Nikaaga. Niliwaambia watu miguu inaniwasha, na wote wakaamini, kwa kuwa ndivyo walivyonizoea. Safari nyingine zote maishani mwangu nilienda kuona kitu. Ile nilienda ili nisione. Dada alinifungia kifurushi cha mikate kwenye begi na hakuuliza mpaka lini.

Mwaka wa tatu, nikiwa mbali, jirani yake akanipigia simu. Kokoto iliingia kwenye kiatu cha dada njiani, na mguu wa mtu mwenye sukari hausemi. Alitembea nayo kwenda, akatembea nayo kurudi, jioni akavua kiatu akakuta damu. Kidonda kikapanda. Wakaukata mguu wa kulia, chini ya goti. Ndio aliokuwa akianzia kukanyagia cherehani.

Hakuna daktari aliyesema ni kituo. Kisukari kina milango mingi, kokoto ziko hata uani kwake. Hayo yote nayajua na nimeshajiambia mara nyingi, nikiyapanga vizuri kama wakili. Hayajawahi kunisaidia.

Nilirudi. Ni miaka kumi na mitano sasa, na begi nilimpa mtu. Mwezi wa kwanza nilijikaza. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, akikanyaga kwa mguu mmoja, polepole, mshono ukienda na kusimama.

"Dada," nikasema, "ile Alhamisi..."

"Nipitishie mkasi," alisema.

Nikampitishia. Akakata uzi, akakigeuza kitambaa, akaendelea. Nikaelewa kwamba anachoninyima si msamaha. Msamaha alinipa zamani, palepale ukumbini, sikuuomba, na ndio unaonielemea. Alichoninyima ni nafasi ya kuutua.

Siku zake za kliniki nampeleka mimi. Kutoka kituoni namsukuma kwenye kiti cha magurudumu kando ya ukuta, akinielekeza kama dereva mkongwe: "Kushoto, kuna shimo. Kulia. Wee, unanipeleka kliniki au machimboni?" Ndani ya basi tunakaa viti vya mbele, dirishani. Basi ni safi, halitetemi, na linapofika pale kilipokuwa kituo cha Tangini halipunguzi hata mwendo.

Hapo ndipo yeye huanza kuzungumza. Siku zote, mahali palepale, hata kama tulikuwa kimya tangu nyumbani. Mara ni jirani aliyenunua jogoo rahisi, kumbe jogoo kiziwi, anawika saa nane mchana. Mara ni bi harusi aliyenenepa ghafla wiki ya harusi ikabidi gauni lifumuliwe. Huzungumza kwa sauti, amenishika kiganja, anakivuta mpaka nimgeukie, mgongo wangu uwe dirishani. Tukishafika kwenye mataa ya mbele ananyamaza, hadithi hata haijafika katikati.

Nilidhani ni uzee. Ilichukua safari nne au tano nikafahamu.

Sijamuuliza mpaka leo yule jogoo aliishia wapi.